Kisa ni Hadithi, na Kisa ni Sababu: Masimulizi ya Wananchi katika Utafiti wa Sera za Umma

(Hotuba iliyotolewa mbele ya watafiti vijana na wanaharakati wa mageuzi. Inachapishwa hapa kama ilivyosomwa.)



Nimeombwa nizungumzie nafasi ya masimulizi katika utafiti wa sera za umma. Najua wamo humu ukumbini wanaoiona mada hii kuwa ya kujiburudisha baada ya chakula. Kwao utafiti ni takwimu na majedwali, na masimulizi ni ya kuwaliwaza watoto jioni. Fikira hiyo haikuzuka bure. Mtambaji wetu wa jadi, anapokaribishwa kuanza, huitikiwa na wasikilizaji kwa maneno yanayoualika uongo uje ili utamu ukolee. Hadithi imepewa ruhusa ya kudanganya tangu mlangoni. Ni nani basi atakayethubutu kuibeba mpaka ofisini kwa Waziri wa Fedha na kuiita ushahidi?

Lakini Kiswahili kina neno jingine, nalo ni kisa. Ukimwambia mtu, "Nipe kisa chako," umemwomba masimulizi. Ukimwuliza, "Kisa cha kuhama kwenu ni nini?" umemwuliza sababu. Neno ni lile lile moja. Waliotuachia lugha hii waliona kwamba mtu hawezi kueleza sababu ya jambo lililompata bila ya kulisimulia, na kwamba masimulizi yasiyofikia sababu hayajakamilika. Nami hoja yangu leo ni hiyo tu. Sera hutungwa mjini kwa lugha ya kanuni, lakini hutendeka pale mwananchi anapokutana na chifu, karani, askari au mwuguzi. Aliyetendewa ndiye wa kwanza kujua yaliyotendeka hapo, na mara nyingine, hasa pale serikali inapokuwa mtendaji na pia mtunza kumbukumbu, ndiye peke yake aliye tayari kuyasema.

Mfano wangu mkubwa ni mlolongo, kwa kuwa wengi wenu mlizaliwa baada yake na mnalijua jina bila ya kujua jambo lenyewe.

Mwaka 1986 chama cha KANU, ambacho tangu Juni 1982 kilikuwa chama pekee kilichoruhusiwa na Katiba kwa nguvu ya kifungu cha 2A, kiliamua kwamba wagombea wake wa ubunge wateuliwe kwa kura ya kupanga mstari. Wapiga kura walitakiwa kusimama mchana kweupe nyuma ya mgombea wao, au nyuma ya wakala aliyeishika picha yake, kisha wahesabiwe vichwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya waliojipanga alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa, na watu wa eneo lake hawakuiona kura ya siri kabisa. Viongozi wa makanisa walilipinga jambo hili tangu mwanzo. Mchungaji akisimama hadharani nyuma ya mgombea mmoja, walisema, atarudije kuwahudumia waumini waliosimama nyuma ya mwingine? Na mfanyabiashara anayengoja leseni, au mwalimu anayengoja uhamisho, atasimama wapi huku wakubwa wakimtazama? Pingamizi hizo hazikusikizwa, na mwezi wa Februari 1988 uteuzi ukafanyika kwa mlolongo.

Sasa litazameni jambo hili kwa jicho la mtafiti. Kura ya karatasi, hata ikiibwa, huacha alama. Husalia masanduku, vibutu vya karatasi, muhuri uliovunjika, na hesabu inayoweza kurudiwa mbele ya jaji. Mlolongo haukuacha kitu. Watu walipotawanyika kurudi makwao, mstari uliyeyuka, na hakuna awezaye kuuhesabu tena mstari uliokwisha kwenda kupika chakula cha jioni. Kilichobaki cha rasmi ni tarakimu iliyotangazwa na msimamizi. Kilichobaki upande wa pili ni macho ya watu waliosimama pale, wakauona mstari mrefu ukitangazwa kuwa mfupi, na ule mfupi ukapata ushindi. Mtafiti ambaye angesema kwamba yeye hupokea nyaraka tu, angelazimika kuandika kwamba mambo ya mwaka 1988 yalikwenda sawasawa, maana nyaraka ndivyo zilivyosema. Wako walioandika hivyo, wakajiita wanasayansi. Mimi nauona msimamo huo kuwa sawa na kumkabidhi mshtakiwa kalamu aandike hukumu.

Waliokuwa madarakani hawakuudharau uzito wa masimulizi hata kidogo. Jarida la Beyond, lililotolewa na Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilichapisha habari za udanganyifu wa uchaguzi huo, na mwaka huo huo wa 1988 likapigwa marufuku. Haiwezekani kuupiga marufuku mstari uliokwisha kutawanyika. Kinachoweza kupigwa marufuku ni kisa chake.

Katikati ya mwaka 1990, mwaka ambao Kenneth Matiba na Charles Rubia walitiwa kizuizini na damu ikamwagika siku ya Saba Saba, KANU iliunda kamati ya kuchunguza mwenendo wa chama, chini ya uenyekiti wa Makamu wa Rais wa wakati huo, George Saitoti. Wengi katika harakati zetu waliiona kamati hiyo kuwa hila ya kupoteza wakati, na pengine ndivyo ilivyokusudiwa. Lakini ilifanya jambo moja ambalo serikali ilikuwa haijalifanya kwa miaka mingi: iliketi hadharani, ikamruhusu mwananchi kusema. Naye mwananchi akasema kuliko alivyoombwa. Malalamiko juu ya mlolongo na juu ya asilimia 70 yalijaa vikaoni. Mwezi wa Desemba 1990, katika mkutano maalumu wa wajumbe wa chama huko Kasarani, mlolongo na kanuni ya asilimia 70 vikaachwa.

Sitaki mwondoke hapa mkidhani kwamba masimulizi peke yake ndiyo yaliyouangusha mlolongo. Kulikuwa na mahubiri, na mawakili, na vijana walioumia mitaani, na wafadhili walioanza kukunja nyuso. Kifungu cha 2A chenyewe hakikuondolewa mpaka Desemba 1991, baada ya wafadhili kuzuia misaada mwezi uliotangulia. Ninachotaka mkione ni kidogo kuliko hicho, na kwa mtafiti ni kikubwa zaidi. Kamati ilikwenda kuomba maoni, ikapewa visa. Maoni husema, "Siupendi mlolongo." Kisa husema ni nani aliyehesabu, alianzia upande gani, muda gani ulipita kati ya kuhesabu na kutangaza, na nani aliitwa kando kabla ya tangazo. Maoni yanaweza kujibiwa kwa maoni, kwa kuwa siku zote atapatikana mzee wa chama wa kusimama na kusema kwamba yeye anaupenda. Kisa hakijibiwi hivyo, kwa kuwa kinaonyesha jinsi mtambo unavyofanya kazi na mahali ulipolegezwa parafujo. Mtunga sera anayetaka kurekebisha anahitaji hayo. Ndiyo maana sipendi hojaji zinazomwuliza mkulima kama "anaridhika sana, anaridhika kiasi, au haridhiki". Mwulizeni mara ya mwisho alipokwenda ofisini kulitokea nini.

Wako watakaosema kwamba haya ni ya siasa za zamani, na kwamba katika mambo ya uchumi na huduma tarakimu zinatosha. Basi tuitazame hospitali. Mwezi wa Desemba 1989 serikali ilianza kutoza ada katika vituo vyake vya afya, kwa jina la kugawana gharama. Mahudhurio yakashuka. Mwezi wa Septemba 1990 ada ya wagonjwa wa nje ikasimamishwa, kisha kuanzia mwaka 1992 ada zikarudishwa hatua kwa hatua. Takwimu zilifanya kazi yake na zilionyesha kushuka. Lakini daftari la hospitali humwandika aliyefika. Aliyebaki nyumbani hana safu katika daftari lile. Je, alipona? Alikwenda kwa mganga? Alinunua vidonge viwili dukani badala ya dozi kamili? Mama mwenye watoto wawili wagonjwa na fedha za mmoja alimchukua nani, na alichaguaje? Hakuna jedwali litakalojibu maswali hayo mpaka mtu aende akaketi naye, amsikilize mpaka mwisho, hata anapoanza mbali na anapojikanganya. Tena ilikuwapo kanuni ya kuwasamehe maskini wasiotozwa. Katika karatasi ilionekana nzuri. Mtu anapokusimulia jinsi maskini anavyotakiwa kuuthibitisha umaskini wake mbele ya foleni ya majirani, utaelewa kwa nini watu hawakuikimbilia. Ilichukua mpaka mwaka 2004 kwa ada za zahanati na vituo vidogo kupunguzwa zikawa shilingi 10 na 20, na mpaka mwaka 2013 kwa ada hizo kuondolewa.

Sasa nifike kwenye ugumu, kwa kuwa sikuja kuyasifu masimulizi kama mganga anavyoisifu dawa yake. Watu husahau, na huongeza chumvi. Jambo waliloambiwa na jirani hulisimulia kama waliloliona. Uvumi huvaa nguo za ushuhuda, na katika nchi hii uvumi umeua watu. Tutapimaje?

Kipimo kimoja nitakieleza kwa kisa cha Nyayo House. Katika miaka ya 1980 watu walikamatwa kwa tuhuma za kuwa wafuasi wa Mwakenya na vikundi vingine vya siri, wakapotea kwa siku au majuma, kisha wakafikishwa mahakamani jioni wakikiri makosa. Waliotoka gerezani walinong'ona, na serikali ilikana. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipiga hema Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai, wakagoma kula wakidai wana wao. Hapo ndipo watu walipoanza kuyasimulia mateso mbele ya umati, siku baada ya siku, mpaka polisi walipowavamia kwa virungu na gesi, na akina mama wakahamia katika Kanisa Kuu la All Saints. Walisimulia vyumba vya chini ya ardhi, giza lisilojulisha usiku wala mchana, maji yaliyomiminwa ndani ya chumba, na kupandishwa kwa lifti kwenda kuhojiwa ghorofa za juu huku macho yamefungwa kwa kitambaa.

Angalieni wasimulizi hao. Walikamatwa miaka tofauti, wakafungwa kila mtu peke yake, tena wamefungwa macho. Hawakuwa na nafasi ya kupatana la kusema. Hata hivyo waliangukia mambo madogo yale yale: maji, giza, lifti. Mtu anayetunga uongo hutunga jambo kubwa, hashughuliki na lifti. Mwezi wa Februari 2003, baada ya serikali kubadilika, vyumba vile vilifunguliwa watu wavione, na jengo likawa kama lilivyosimuliwa na watu ambao hawakuwa wameruhusiwa kulitazama. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ikaanza kuwapa fidia. Basi katika utafiti wenu msitafute visa vinavyofanana katika mambo makubwa, kwa kuwa hayo hupatikana redioni. Tafuteni mahali ambapo watu wasiojuana wanagongana katika jambo dogo lisilo na faida kwa msimulizi. Na wanapotofautiana, msiifute tofauti ili ripoti ipendeze. Mara nyingi humo ndimo yalimojificha mambo ya umri, ya kabila, au ya mume na mke.

Upo pia udanganyifu usiotokana na msimulizi bali na kikao chenyewe. Baraza la chifu lilikuwa na utaratibu wake: wazee mbele, wanawake nyuma chini ya mti, na mwenye kesi na chifu hayupo kabisa. Mtafiti akiitisha mkutano kwa kupitia chifu, kisha akaandika kwamba "jamii ilisema," amejaza kitabu chake maneno ya jamaa za chifu. Na tusijifanye malaika. Upande wetu wa mageuzi tumejenga desturi mbaya ya kumleta mjini mama mmoja aliyeumizwa, tukamsimamisha mbele ya wageni kwenye hoteli, akalia, watu wakainamisha vichwa, kisha kikaletwa chai. Semina ya pili analetwa yule yule, na sasa anajua ni wapi anapotakiwa kulia. Huo si utafiti, na kwa maoni yangu ni dhuluma. Kisa chake kimegeuzwa kuwa pambo la ripoti ambayo hitimisho lake liliandikwa kabla hajafika.

Kuna dhuluma nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni kuchukua kisa na kutokirudisha. Mwaka 1992 Kamati Teule ya Bunge chini ya Kennedy Kiliku ilizunguka ikisikiliza waliochomewa nyumba katika mapigano ya kikabila. Bunge lilikataa kuipitisha ripoti yake. Mwaka 1998 ikaundwa tume ya Jaji Akiwumi kuchunguza mapigano hayo hayo na mengine yaliyofuata, na watu wakasimulia upya. Ripoti ilikuwa tayari mwaka 1999, ikakaliwa mpaka mwaka 2002. Mtu aliyesimulia kuchomwa kwa nyumba yake mara mbili mbele ya tume mbili, na hakuletewa jawabu na yeyote, mwaka 2008 alipoulizwa tena alikuwa na haki ya kunyamaza. Watafiti hupenda kuandika kwamba "washiriki hawakuwa na ari". Ari yao ililiwa na waliotutangulia.

Ipo tume iliyojaribu kufanya vizuri zaidi, na napenda muisome kwa makini: Tume ya Kurekebisha Katiba iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai. Ilifika katika maeneo yote 210 ya ubunge ya wakati ule, na yaliyosemwa yakaandikwa neno kwa neno. Walioizoea Katiba kama jambo la mawakili walishangaa kusikia wananchi wakizungumzia maji, njaa, mipaka ya shamba, binti aliyenyimwa urithi, na kijana aliyenyimwa kitambulisho kwa sababu ya jina la babu yake. Wasomi wengine walicheka. Lakini isomeni Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 43 kinataja afya, makao, chakula na maji. Kifungu cha 14 kinampa mtoto uraia kwa mama kama kwa baba, jambo ambalo Katiba ya zamani ilimnyima mama aliyezaa nje ya nchi. Njia kutoka vikao vile mpaka kifungu hiki ilikuwa ndefu na yenye vita, ikapitia Bomas, ikapitia kura ya maoni iliyoshindwa mwaka 2005. Hata hivyo kumbukumbu zipo, na mtu anaweza kuifuata njia hiyo kwa kidole.

Katiba hiyo hiyo imeufanya ushirikishwaji wa wananchi kuwa sharti la utawala. Nasikitika kusema kwamba pengi sharti hilo limekuwa orodha ya majina na sahihi, dakika mbili kwa kila msemaji, na waraka wa bajeti uliotolewa jana. Mwaka 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, sababu mojawapo ikiwa ni upungufu katika kuwashirikisha wananchi. Kabla ya mwaka kwisha, Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Mawakili wataendelea kubishana, nasi tuna kazi yetu.

Kazi yenyewe naiona hivi. Kila mmoja wenu atafute kumbukumbu za Tume ya Ghai za eneo lake la ubunge, aende nazo nyumbani, awasomee watu walichosema wao wenyewe au wazazi wao, kisha awaulize ni lipi lililotimia na kisa cha yale yasiyotimia. Hapo mtakutana na tatizo la lugha, nami nataka mjiandae nalo. Wengi walisema kwa lugha ya mama, mkalimani akageuza papo kwa papo, na karani akaandika kilichotoka kwa mkalimani. Mzee aliyesema kwamba ardhi "ililiwa" huenda akaandikwa kuwa ardhi yake "iliuzwa", na kati ya maneno hayo mawili ipo kesi nzima. Kwa hiyo mnaporekodi upya, tunzeni maneno ya asili pamoja na tafsiri, na mtafuteni mkalimani wa pili ausikilize ukanda bila ya kuisoma kazi ya wa kwanza. Majina ya wasimulizi yawekwe mbali na maneno yao mpaka wenyewe waseme vinginevyo. Na ripoti ikiisha, mrudi mkaisome pale pale mlipokusanya, kabla ya kuipeleka kwa wafadhili. Nimeyatazama makadirio ya gharama mliyoyagawa asubuhi ya leo. Fedha za ukumbi na chakula cha wageni zimo, za siku tatu. Nauli ya kurudi vijijini haimo, wala malipo ya mkalimani wa pili. Naomba Mwenyekiti aturudishie karatasi hizo mezani kabla ya kufunga kikao.